Chagueni Barabara Kabla ya Nchi

Kila kundi la marafiki linalopanga kuizunguka Ulaya kwa gari huanza kwa kutaja miji. Mmoja anataka Paris, mwingine Roma, wa tatu hakubali kurudi nyumbani bila kuiona Amsterdam, na wa nne ana binamu yake Barcelona. Kabla chai haijapoa, orodha imefika nchi nane kwa siku kumi na mbili, na kila mtu ameridhika kwa kuwa ombi lake limeingia. Orodha ya namna hiyo ndiyo inayoharibu safari. Kutoka Amsterdam hadi Roma peke yake ni zaidi ya kilomita 1,600, na sehemu kubwa ya barabara kuu za huko ni malori, vituo vya mafuta na kuta za kuzuia kelele. Mtajinyima miaka miwili, mtahangaikia viza, kisha mtakwenda kutazama lami.

Mwalimu Nyerere aliwafundisha Watanzania kwamba kupanga ni kuchagua. Alikuwa akizungumzia uchumi wa taifa, lakini somo hilo linalifaa hata kundi la watu wanne na gari moja la kukodi. Ushauri wangu ni huu: chagueni barabara chache ambazo zenyewe ndizo mandhari, zifungeni katika mzunguko mmoja, na nchi zije zenyewe kwa kufuata barabara. Miji mikubwa iachieni treni. Katikati ya Roma au Paris gari ni mzigo: maegesho ni ghali, foleni hazishi, na kamera ziko kila kona. Milimani, gari linawapa uhuru wa kusimama mnapotaka, na uhuru huo ndio mnaoulipia.

Mzunguko mmoja wa Alps

Ulaya haina uhaba wa barabara nzuri. Romania ina Transfăgărășan, iliyojengwa kati ya 1970 na 1974 enzi za Ceaușescu, inayopanda hadi mita 2,042. Norway ina Barabara ya Atlantiki, iliyofunguliwa mwaka 1989, inayovuka kutoka kisiwa hadi kisiwa kwa madaraja manane. Lakini kwa marafiki wanaokwenda mara ya kwanza ninapendekeza Alps, kwa sababu mzunguko mfupi unapita nchi kadhaa, barabara zimetunzwa vizuri, na uwanja mkubwa wa ndege wa Munich uko karibu.

Anzieni Munich na mshuke kusini hadi Zell am See, Austria. Kutoka hapo pandeni barabara ya Grossglockner, kilomita 48 zenye kona kali 36. Ilifunguliwa mwaka 1935 baada ya miaka mitano ya ujenzi chini ya mhandisi Franz Wallack, na tangu mwanzo ilikusudiwa watu wapite wakitazama milima. Barabara yenyewe inafika mita 2,504, na kijia cha pembeni chenye mawe kinawapandisha hadi Edelweißspitze, mita 2,571. Msiache tawi la Kaiser-Franz-Josefs-Höhe, linaloelekea mto wa barafu wa Pasterze, ulio mkubwa kuliko yote nchini Austria. Barafu hiyo inarudi nyuma mwaka hata mwaka. Aliyewasikia wazee wa Moshi wakieleza jinsi theluji ya Kilimanjaro ilivyokuwa zamani hatahitaji mtu wa kumfafanulia anachokiona pale.

Teremkeni hadi Lienz, mvuke mpaka kuingia Italia, mfike Cortina d'Ampezzo. Hapo mko katika Dolomites, milima iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2009. Miamba yake iliyopauka ilianza kama matumbawe na mchanga wa bahari ya kale zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Mtu wa pwani aliyezoea kuta za mawe ya matumbawe ataitazama kwa jicho la udugu. Jua linapotua, miamba hiyo hugeuka waridi, kisha nyekundu. Barabara ya kutoka Cortina hadi Bolzano, iliyokamilika mwaka 1909, inavuka mapito ya Falzarego na Pordoi, na kila pito lina mahali pa kuegesha na njia za kutembea kwa miguu. Kaeni eneo hili usiku usiopungua minne.

Kutoka Bolzano elekeeni magharibi hadi kijiji cha Prato, chini ya Stelvio. Barabara hii ilijengwa kati ya 1820 na 1825 na mhandisi Carlo Donegani, wakati Dola ya Austria ilipotaka kuiunganisha Lombardia na maeneo yake ya kaskazini. Upande wa Prato una kona 48 zilizowekewa namba, na kileleni mnafika mita 2,757. Karibu na kilele, chukueni njia ya Umbrail inayoshuka Uswisi hadi Santa Maria. Kisha vukeni Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914, mfike Zernez, mpande pito la Flüela hadi Davos, na mrudi Munich kwa kupitia Lindau kwenye ziwa Bodensee.

Mzunguko huu una karibu kilomita 1,000. Basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya hukata zaidi ya kilomita 800 kwa siku moja. Ninyi kilomita hizi 1,000 zipeni siku kumi na moja. Milimani hesabuni mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na hapo hamjasimama kupiga picha, kula wala kumpisha mwendesha baiskeli. Siku isizidi saa nne za usukani. Tena acheni siku moja bila mpango wowote, kwa sababu wingu likikaa juu ya pito hamtaona kitu, na mwenye siku ya akiba husubiri kesho yake badala ya kupita gizani na kusema amefika.

Theluji ndiyo inayopanga tarehe

Wengi wetu tunapata likizo ndefu Desemba. Desemba safari hii haipo. Grossglockner kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Mei na kufungwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Stelvio na Umbrail hufunguliwa mwishoni mwa Mei au Juni na hufungwa theluji inaporudi. Tarehe kamili hutegemea hali ya mwaka husika, kwa hiyo angalieni tovuti ya kila barabara kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa, na tena asubuhi ya siku ya kupita.

Julai na Agosti kila kitu kiko wazi, lakini nusu ya Ulaya nayo iko barabarani. Waitalia wengi huwa likizoni katikati ya Agosti, na sikukuu ya tarehe 15 hujaza kila kitanda milimani. Maeneo mengine ya Dolomites yamewekewa masharti kwa sababu ya msongamano: kwenda ziwa la Braies kwa gari wakati wa kiangazi kunahitaji nafasi iliyohifadhiwa mapema, na barabara ya kulipia inayopanda Tre Cime di Lavaredo nayo imeanza utaratibu huo.

Mimi ningechagua nusu ya kwanza ya Septemba. Mapito yako wazi, watoto wa maeneo mengi wamerudi shule, bei zimeanza kupoa, na mwanga bado unatosha hadi jioni. Ila msiivuke nusu hiyo bila kuangalia kalenda ya Munich, kwani Oktoberfest hufunguliwa Jumamosi inayofuata Septemba 15, na vyumba vya mji ule hupanda bei ghafla. Angalieni pia siku za baiskeli, ambapo Stelvio na mapito ya Sella katika Dolomites hufungwa kwa magari kwa saa kadhaa.

Bebeni koti zito hata kama Munich kuna joto la nyuzi 28. Kule juu theluji inaweza kuanguka mwezi wowote.

Ratiba ndiyo inayochagua ubalozi

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kufikiri kwamba viza ya Schengen, inayotumika kwa nchi zote za mzunguko huu, huombwa katika ubalozi wa nchi mtakayotua. Sivyo. Huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ndipo nchi ya kuingilia huangaliwa. Katika mzunguko huu mtalala Ujerumani usiku mara mbili, Austria mara mbili, Italia mara tano na Uswisi mara moja. Basi ombi lenu ni la Italia, ingawa ndege inatua Munich. Rafiki anayeomba kwa Wajerumani na mwenzake anayeomba kwa Waitalia, kwa ratiba ileile, wanawapa maofisa sababu ya kuuliza maswali.

Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na halipaswi kuchelewa chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudi hata mkinyimwa. Pasi iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari lazima ifidie matibabu hadi angalau euro 30,000 katika eneo lote la Schengen. Ongezeni barua ya mwajiri inayoonyesha likizo, taarifa za benki, na hati zinazoonyesha kwamba mna sababu ya kurudi nyumbani: kazi, biashara, familia, masomo.

Foleni ya miadi ndiyo inayokwamisha kuliko fomu yenyewe. Kwa safari ya Septemba, tafuteni miadi tangu Machi au Aprili, kabla msimu haujajaza nafasi. Malazi yahifadhini kwa masharti yanayoruhusu kufuta bila gharama. Tiketi ya ndege msiilipie kikamilifu mpaka viza za wote zitoke, isipokuwa masharti yake yanawaruhusu kubadilisha.

Kubalianeni pia mapema mtafanya nini mwenzenu akinyimwa. Mtaahirisha wote? Mtakwenda bila yeye na kumrudishia mchango wake? Swali hili linauma, lakini likiulizwa baada ya jibu la ubalozi kufika linauma mara mbili, kwa sababu sasa lina jina la mtu.

Ikiwa mmoja wenu anaishi Ujerumani kwa kibali cha ukaazi, yeye hahitaji viza kwa nchi hizi. Asidhani, hata hivyo, kwamba leseni yake ya nyumbani bado inamtosha. Aliyehamia Ujerumani na leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kuitumia miezi sita tu, kisha anatakiwa kupata ya Kijerumani. Mgeni wa wiki mbili anaweza kuendesha mahali ambapo ndugu yake mwenyeji haruhusiwi.

Gari, leseni na kadi

Kila dereva abebe vitu viwili: leseni halisi na kibali cha kimataifa cha udereva kinachotolewa nyumbani kabla ya kuondoka; Kenya, kwa mfano, hutolewa na AA Kenya. Kibali hicho ni tafsiri ya leseni, hakisimami peke yake. Sheria ya Italia inamtaka mwenye leseni ya nje ya Ulaya awe nacho au awe na tafsiri rasmi, na bima ya gari inaweza kukataa kulipa iwapo nyaraka za dereva hazikutimia.

Magari mengi ya kukodi Ulaya ni ya gia za kawaida. Kama mmezoea otomatiki, hifadhini mapema na mlipe nyongeza yake; kona ya Stelvio si mahali pa kujifunza klachi. Dereva aliye chini ya miaka 25 kwa kawaida hutozwa zaidi, na kila dereva wa ziada ana ada yake. Lirudisheni gari mlikolichukulia, kwani kuliacha nchi nyingine kunaweza kugharimu kuliko kodi yenyewe. Hiyo ni sababu nyingine ya kupanga mzunguko. Iambieni kampuni ya kukodi mapema majina ya nchi zote mtakazoingia, na mpate idhini kwa maandishi.

Kikwazo kinachowashtua watu wa Afrika Mashariki ni kadi. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, ili zizuie dhamana inayoweza kufika mamia ya euro au zaidi. Kadi ya kawaida inayokata fedha zilizopo kwenye akaunti hukataliwa mara nyingi, au hukubaliwa kwa sharti la kununua bima kubwa zaidi. Kwa hiyo dereva mkuu ni yule mwenye leseni, kibali na kadi sahihi kwa pamoja. Mjueni kabla ya kuondoka nyumbani, msingoje kumtafuta mbele ya kaunta.

Someni kiasi mtakacholipa wenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na kama bima hiyo inagusa matairi, vioo na sehemu ya chini ya gari. Siku ya kulipokea, lizungukeni na simu mkirekodi video: bampa, rimu, vioo, viti, kipimo cha mafuta. Fanyeni vivyo hivyo siku ya kulirudisha. Hakikisheni ndani kuna pembetatu ya tahadhari na vizibao vya kuakisi mwanga.

Na ukubwa: watu wanne katika gari lililoandikwa la watu watano. Mtu wa tano hukalia nafasi ya mabegi, na mabegi humkalia yeye.

Usukani milimani

Watanzania, Wakenya na Waganda tunaendesha kushoto. Nchi zote za mzunguko huu zinaendesha kulia. Kama kundi lenu lina mtu aliyejifunzia Kigali, Bujumbura au Bukavu, mpeni siku ya kwanza. Hatari haiko katika barabara kuu yenye magari mengi ya kufuata. Iko asubuhi, mnapotoka kwenye maegesho ya hoteli na barabara ni tupu, na mkono wa mazoea unaelekea kushoto. Aliyekaa pembeni awe na kazi ya kutamka "kulia" kila mnapoanza, kila kona ya kushoto, na kila kipilefti, ambako huko mnazunguka kwa kuanzia kulia na kuwapisha waliomo ndani. Kwenye makutano yasiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki. Siku mtakayotua msiendeshe, laleni Munich.

Dereva aliyewahi kuteremka mlima Kitonga anajua kanuni ya mteremko mrefu: gia ndogo, injini ishike mwendo, breki ziguswe kwa vipindi. Anayekanyaga breki kilomita ishirini mfululizo huzipasha joto mpaka zinaacha kushika. Kwenye njia nyembamba, kwa kawaida anayeshuka humpisha anayepanda. Uswisi, mabasi ya manjano ya posta yana haki ya kupita kwanza kwenye barabara zao za milimani. Mkisikia honi yao ya sauti tatu, iliyochukuliwa katika muziki wa Rossini, tafuteni upana wa barabara na msimame. Msikate kona kwa kuingia upande wa pili, maana nyuma yake kuna pikipiki. Pandeni mapema, kabla ya saa nne asubuhi. Mchana mapito hujaa, na alasiri za kiangazi huleta radi.

Ramani ya simu inapenda njia ya haraka. Mkiiandikia Lienz mkitokea Zell am See, itawapeleka kwenye handaki la Felbertauern na kuwanyima Grossglockner yote. Wekeni kilele cha barabara hiyo kama kituo cha kati. Pakueni ramani za kutumia bila mtandao, na mkumbuke kwamba kifurushi cha simu cha Umoja wa Ulaya si lazima kifanye kazi Uswisi. Katika Tirol Kusini, eneo la Bolzano, kila mahali pana jina la Kiitaliano na la Kijerumani: Bolzano ni Bozen, Stelvio ni Stilfser Joch. Andikeni yote mawili.

Barabara kuu za Austria na Uswisi zinahitaji stika ya malipo. Ya Austria inauzwa kwa siku moja, siku kumi, miezi miwili au mwaka. Ya Uswisi ni ya mwaka tu, faranga 40. Zote zinapatikana kwa njia ya mtandao kwa namba ya gari, na pia huuzwa kwenye vituo vya mafuta karibu na mpaka. Grossglockner ina ada yake, zaidi ya euro 40 kwa gari. Stelvio ni bure. Katika miji ya Italia, Bolzano ikiwemo, jihadharini na vibao vya duara jekundu vyenye maandishi ZTL: ni maeneo yaliyozuiwa, kamera husoma namba, na faini huwafuata mpaka nyumbani kupitia mwenye gari, pamoja na ada yake ya usumbufu.

Mwendo wa juu kwenye barabara kuu ni kilomita 130 kwa saa Austria na Italia, na 120 Uswisi, ambako faini za mwendo ni kali sana. Kikomo cha pombe katika nchi hizi nne ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na hupungua zaidi kwa madereva wapya. Kwa barabara zenye maporomoko pembeni, kikomo chenu kiwe sifuri kwa anayeshika usukani siku hiyo. Foleni ikisimama kwenye barabara kuu ya Ujerumani au Austria, waliopo njia ya kushoto husogea kushoto kabisa na wengine kulia, ili gari la wagonjwa lipite katikati. Namba ya dharura kote ni 112. Na kwenye pampu za Italia, gasolio ni dizeli. Petroli yao ni benzina. Anayejaza kwa kukisia ataharibu injini.

Mali bila daftari

Watu huogopa gharama ya mafuta, kumbe ndiyo ndogo. Gari la watu wanne likinywa lita 8 kwa kilomita 100, mzunguko mzima ni lita 80. Hata mkiweka euro 2 kwa lita, ni euro 160, yaani 40 kwa kila mtu. Kinachokula fedha ni vitanda, chakula na kodi ya gari. Kwa hiyo okoeni hapo: pangeni nyumba yenye jiko badala ya vyumba viwili vya hoteli, laleni vijijini nje ya Cortina, na ulizeni mashamba ya Italia yanayopokea wageni, ambako kifungua kinywa hutoka shambani. Usiku wa Uswisi uwe mmoja, kwa kuwa bei zake ni za juu kuliko za majirani.

Jiko linawasaidia pia wasiokula nguruwe. Katika Tirol nyama yake imo hata ndani ya matonge ya mkate yanayoliwa na mchuzi, hivyo ulizeni kabla ya kuagiza; ya spinachi na jibini yapo, na samaki wa mtoni wako tele. Nunueni vyakula Jumamosi, kwa sababu maduka mengi ya Austria na Ujerumani hayafunguliwi Jumapili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Teueni mhazini mmoja. Kila mtu aweke mchango sawa katika mfuko mmoja kabla ya kuondoka, na mfuko huo ulipe vya pamoja tu: gari, mafuta, ada za barabara, malazi, vyakula vya jikoni. Nguo, zawadi na kahawa ya pili ni za mtu mwenyewe. Mhazini asome hesabu kila jioni, ndogo na kubwa. Faini ya mwendo iwe ya dereva aliyeendesha au ya mfuko? Amueni sasa na muiandike. Mimi ninapendelea mfuko ubebe mikwaruzo, kwa kuwa dereva anawatumikia wote, lakini faini ya mwendo na ya pombe abebe aliyeisababisha.

Watu ndani ya gari

Mandhari haiwezi kuokoa safari ya watu walionuniana. Siku kumi na moja katika chumba cha bati chenye viti vitano hufichua tabia ambayo miaka ya kukutana Jumamosi haikuionyesha. Zungumzeni mambo madogo yanayozaa makubwa: nani huamka mapema, nani anakoroma, nani anataka kutembea saa tatu mlimani na nani anataka kukaa kibarazani akitazama. Wenye kuswali waseme nyakati zao ili vituo vipangwe kwa kuzifuata, na wengine wazichukue kama mapumziko yao.

Gawaneni kazi. Madereva wawili wapokezane kila siku, wa tatu asome njia na kuangalia hali ya mapito, wa nne ashike mfuko. Anayechefuliwa na kona akae mbele, ale kidogo asubuhi, na abebe tangawizi. Dereva akisema amechoka, gari lisimame, wala asibembelezwe amalizie kilomita kumi. Na kila mmoja apewe nafasi moja ya kuchagua kituo ambacho wengine hawatakipinga. Yule aliyetaka Paris akakosa atakuwa amepata chake, na hatabeba kinyongo hadi uwanja wa ndege.

Wekeni pia saa chache za kutengana. Cortina au Lindau, kila mtu aende njia yake mchana mmoja, mkutane jioni mkiwa na la kusimuliana.

Kalenda ya kuanzia

Hesabuni kutoka Septemba kurudi nyuma. Januari kutaneni ana kwa ana, simu zikiwa mezani kifudifudi, mkubaliane barabara, siku na kiwango cha mchango ambacho mwenye kipato kidogo kuliko wote anakimudu bila kukopa. Februari kagueni pasi na leseni, na mhazini aanze kupokea michango ya kila mwezi. Machi hifadhini malazi yanayofutika na gari lenye gia mnazoziweza, kisha tafuteni miadi ya viza. Mei na Juni pelekeni maombi, wote kwa ubalozi mmoja, ratiba moja. Viza zikitoka, lipeni tiketi. Julai chukueni vibali vya kimataifa. Agosti nunueni stika za barabara zinazoanza siku mnazozihitaji, mara tu mkijua namba ya gari; isipojulikana, nunueni mpakani.

Mkifika Machi na bado mnabishana juu ya nchi ya tano, ifuteni. Fedha na siku mlizokuwa mmeipangia zipelekeni Dolomites, mkae pale usiku mmoja zaidi.